Siku Tano za Kula Kabla ya Mzizi

Mdogo wangu alivuta nyaope kwa miaka mitatu kabla sijakubali kuliandika neno hilo. Kwenye daftari langu niliandika "ugonjwa", au "ile shida", au sikuandika kitu. Daftari lenyewe ni la vipimo. Mimi ni fundi wa nguo. Mbele naandika vifua na viuno vya wateja, nikiligeuza nyuma naandika mambo yangu, na kuna mahali kurasa zinakutana hata sijui tena ile sitini na nane ni kiuno cha nani. Shule niliiachia darasa la sita, Bukavu. Nasema mapema ili anayesoma asitegemee makubwa.

Nyaope, kwa asiyeijua, ni heroini iliyochanganywa na takataka nyingine na kuvutwa pamoja na bangi. Hapa Johannesburg unawajua wavutaji kwa jinsi wanavyosimama, wamepinda kiunoni kama mtu aliyeinama kuokota kitu akasahau ni nini. Mdogo wangu alianza akiwa mlinzi wa geti. Zamu ni ndefu, baridi ya Juni haina huruma, na mwenzake akampa kidogo cha kupasha mwili joto. Hivyo ndivyo anavyoeleza yeye. Ni haki niongeze kwamba mimi ndiye niliyemwita kutoka Kongo, na mimi ndiye niliyemsukuma achukue zamu mbili, eti kijana mwenye nguvu halali mchana. Kama ningenyamaza ingekuwa tofauti? Swali hilo nimeliandika mara nyingi, na kila nikilijibu jibu linabadilika.

Kufika 2017 alikuwa ameshafukuzwa kazi. Nilikuwa nimepanga chumba Rosettenville, nyuma ya duka la Mreno anayekaanga samaki. Mdogo wangu alilala kwangu siku tatu za juma, siku nne alilala kwenye bustani ya Joubert Park na wenzake. Mwezi wa tatu alichukua vitambaa vya harusi vya mteja wangu akaviuza. Nilimpiga kwa rula yangu ya mbao mpaka ikavunjika.

"Piga tu, yaya," alisema. Yaya, kwetu, ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. "Piga, ila usilie."

Mimi ndiye niliyekuwa nalia.

Lakini sikushika kalamu ili nimhuzunishe mtu. Nataka kueleza ile wiki ya chakula, ambayo mpaka leo tukiikumbuka kanisani tunacheka hadi tunashikana mabega.

Ilianza na gauni. Mteja wangu mmoja alikuwa nesi, Mkenya, mama wa mabega mapana asiyejua kuremba maneno. Alikuja kupimwa nguo ya kitenge. Mdogo wangu alikuwa amekaa nje juu ya kreti ya soda, jasho linamtoka na baridi yote ile.

"Huyo ni nani wako?"

"Mdogo wangu. Ana malaria."

"Malaria ya Joburg?" Alikuwa ameinua mkono nimpime kwapa, na hakuushusha. "Mama, mimi ni nesi. Sema ukweli, ama hata hicho kipimo utakosea."

Nikasema ukweli. Nilipomaliza, mkono wake ulikuwa bado juu, na mimi sikuwa nimepima chochote.

Ndipo akanieleza kazi yake. Kulikuwa na nyumba huko Randburg ambako daktari mmoja aliwatibu watu walioshikwa na heroini, pombe, vidonge, na wengine walioshikwa na huzuni isiyowatoka. Dawa yake ilitoka kwenye mzizi wa mti wa msituni, unaitwa iboga. Mtu anameza akiwa amelala kitandani, anaona mambo kama ndoto huku yuko macho, siku nzima, kisha anaamka.

"Si muujiza," nesi akasema. "Kuna wanaoamka wamesahau kutetemeka. Kuna wanaorudia baada ya mwezi. Na usipochunga inaweza kusimamisha moyo. Ndiyo maana tunapima moyo na damu kwanza, na kuna watu tumewarudisha nyumbani vile walivyokuja."

"Mzizi wa Kongo?" nikauliza.

"Wa Gaboni."

Mdogo wangu, kumbe alikuwa anasikiliza mlangoni, akasema, "Basi wa jirani."

Nilikuwa sijamsikia akitania kwa miezi. Kwa haki, Gaboni si jirani ya Bukavu hata kidogo, kuna msitu mzima katikati, lakini siku ile sikumsahihisha.

Kila mwaka daktari alichukua watu wachache wasio na uwezo wa kulipa. Nesi akamwandikisha mdogo wangu, tukangoja tangu Mei hadi Agosti. Kitanda kilipopatikana, mdogo wangu aliniambia hivi, akiniangalia usoni: "Nitaenda. Lakini yaya, hii ikishindikana usije tena bustanini kunitafuta. Sitatoka." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mlinzi anayemkabidhi mwenzake zamu. Kwa hiyo nilijua vizuri kilichokuwa mezani. Siwezi kusema sikujua.

Mchungaji wetu hakupenda habari ya mzizi. Amezika watu waliokunywa dawa za waganga, na kwake mzizi ni mzizi, hata ukitoka mkononi mwa mzungu mwenye shahada. "Sikatazi," alisema, "wala sibariki. Nitanyamaza, Mungu aseme mwenyewe." Nilikasirika sana wakati ule. Nimeyasoma tena maneno yake, na sasa naona alisema yale tu ambayo mtu mwaminifu angeweza kusema.

Mama wa maombi yeye hakunyamaza. Ni mkubwa wa sala za wanawake kanisani kwetu, anauza unga wa muhogo na samaki wakavu, na sauti yake inatangulia kufika. "Mchungaji akinyamaza, sisi tutasema," aliniambia. Na sisi Wakristo wa Kivu, jambo kubwa tunalisemea tumbo likiwa tupu. Mtu akienda kuomba karatasi za ukimbizi, anafunga. Binti akienda kwenye mtihani, anafunga. Dada mmoja wa kwaya alifunga kabla ya mtihani wa leseni ya gari, akaanguka, akafunga tena, akapita. Na tangu siku hiyo hakuna anayeweza kumwambia ni mazoezi ya kuendesha ndiyo yaliyomsaidia.

Nesi alinipigia simu wiki nzima kabla. "Ale," alisema. "Ndizi, maharage, mboga za majani, maji mengi. Asinifikie hapa na njaa." Nililiandika neno hilo, "ale", bado liko kwenye daftari, na chini yake nimepiga mstari. Kisha nikampelekea mama wa maombi habari hiyo, naye akanitazama kama niliyeokota mafundisho ya uongo barabarani.

"Kwenda mbele ya jambo kama hili umeshiba? Nani alifanya vile kwetu?"

"Nesi amesema."

"Nesi anasema na wagonjwa wasio na kanisa. Huyu ana kanisa."

Ningeweza kubisha. Sikubisha, kwa sababu moyoni niliona hivyo hivyo. Mdogo wangu alifunga siku tatu, kavu, bila chakula wala maji, Ijumaa hadi Jumapili, na sisi wanawake sita pamoja naye. Jumapili jioni tukamfungulisha kwa uji mwepesi. Baadaye sana alikuja kuniungamia kwamba chakula alikifunga kweli, maji alifunga kweli, ila nyaope hakuifunga. Alikuwa anatoka chooni akinuka moshi, na sisi tunasema tazameni Roho anavyomtoa jasho.

Jumatatu asubuhi tukafika Randburg. Nyumba ilikuwa ya kawaida, ukuta mweupe, nyasi zilizokauka kwa baridi, mbwa mzee asiyebweka. Nesi alitupokea getini.

"Amekula wiki hii?"

"Amekula vizuri," nikasema.

Nilijiambia kwamba uji ni chakula. Nimejaribu kuyaandika maneno hayo kwa namna ya kunipendeza, nikashindwa. Nilidanganya.

Wakamfunga nyaya kifuani, mashine ikachora moyo wake kwenye karatasi. Wakatoa damu. Wakampa vidonge vya kumshikilia ili asitetemeke sana. Mchana daktari akatoka na majibu, mzungu mrefu anayesema polepole, miguuni ana soksi bila viatu. Alieleza kwa Kiingereza na nesi akatufafanulia: kuna chumvi moja ya damu ambayo moyo unaitumia ili upige sawasawa, inaitwa potasiamu, na ya mdogo wangu ilikuwa chini kabisa. Kumpa mzizi na damu ile ni kucheza na kifo. Leo haiwezekani.

Nesi akanigeukia. Sikungoja aulize.

"Alifunga," nikasema. "Siku tatu. Ni mimi."

"Bila maji?"

"Bila maji."

"Mimi kwani niliongea Kichina?"

"Tulikuwa tunamwombea."

"Mngemwombea mkila! Kwani Mungu hasikii mtu akiwa na ndizi mdomoni?"

Daktari akauliza tunagombania nini. Nesi akamtafsiria, na yule mzungu akaangalia soksi zake, mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka, lakini hakutaka nimwone. Kisha akasema kitanda ni cha mdogo wangu hadi Jumapili. Jumamosi watapima damu tena. Ikiwa imepanda, Jumapili asubuhi atapewa dawa. Ikiwa bado, kuna mtu mwingine kwenye orodha, naye amengoja kama sisi.

Siku tano za kula, basi. Lakini mdogo wangu hakula. Walimletea supu ya njano na mkate wa kuoka, akasukuma sahani. Wavutaji wa nyaope hawana hamu ya chakula, na juu ya hayo vidonge vilimtia kichefuchefu. Jumanne asubuhi nesi alinipigia: "Amelamba kijiko mara mbili. Mimi siwezi kumlisha kama ndege."

Nilimpigia mama wa maombi ili nimwambie tumeharibu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio chake, au alaumu, au aseme ni vita vya kiroho. Badala yake nikasikia kicheko, kile chake kinachoanzia tumboni.

"Eh Mungu wangu! Tumemfungisha mtoto mpaka damu imekosa chumvi!" Akacheka mpaka akakohoa. "Sawa. Lete ile karatasi."

Karatasi ilikuwa orodha ya mnyororo. Sisi tukifunga kwa muda mrefu tunafanya mnyororo: kila mwanamke anashika siku yake, ili maombi yasikatike. Mama wa maombi alichukua orodha ile ile, majina yale yale, akafuta neno "kufunga" juu yake na kuandika "kulisha". Kila mmoja siku yake. Jumanne hiyo hiyo akaanza yeye mwenyewe.

Sijui kama nyumba ile ya Randburg imewahi kuona mambo yale. Sombe, yaani majani ya muhogo, iliyotwangwa na kupikwa na mawese hadi ikawa laini kama krimu. Maharage. Ndizi za kupika. Lengalenga, ambayo Watanzania wanaiita mchicha. Jumanne niliungana na mama wa maombi, na tulipofunua sufuria jikoni harufu ikatembea chumba kwa chumba. Mdogo wangu akatoka amejifunika blanketi. Akakaa, akala vijiko vitatu, akapumzika, akala viwili. Mama wa maombi alikuwa anahesabu kwa midomo bila sauti.

"Msimwangalie hivyo," nesi akanong'ona. "Mnamtisha."

"Ninyi Wakenya mnakula ugali bila kuongea," mama wa maombi akamjibu.

"Na ninyi mnaongea bila ugali."

Wakatazamana, kisha wakapeana tano. Kuanzia hapo walikuwa marafiki, na mimi niliyewakutanisha nikabaki pembeni.

Kulikuwa na mgonjwa mwingine pale, mkulima mzungu kutoka mbali, mtu mkubwa wa ndevu nyekundu aliyekuwa amenaswa na vidonge vya maumivu ya mgongo. Alisimama mlangoni akinusa. Mama wa maombi hajui Kiingereza zaidi ya maneno ya sokoni, akamwonyesha kiti kwa kijiko. Yule mzungu akala sombe sahani tatu, Jumatano akaja na sahani yake mkononi kabla hajaitwa, na mdogo wangu, kwa kuona mtu anammalizia chakula cha kwao, akaanza kula haraka. Nesi anasema huo ndio ulikuwa uponyaji wa kwanza: wivu.

Alhamisi mambo karibu yaharibike. Mimi sikuwepo, kwa hiyo naandika nilichoambiwa, na walioniambia hawakubaliani. Saa tano asubuhi mdogo wangu alishindwa kuvumilia. Mwili ulikuwa unamwasha, alikuwa anaitaka nyaope kama mtu aliyezama anavyotaka hewa. Akachukua begi lake akaenda getini. Nyumba ile haina gereza. Anayetaka kutoka anatoka. Geti lilipofunguka akakuta mama wa maombi anashuka kwenye teksi. Mwenye zamu ya siku hiyo alikuwa anaumwa jino, naye mama akaibeba siku yake.

"Unaenda wapi?"

"Ninatoka, mama. Nisamehe. Imenishinda."

"Sawa. Lakini nimetoka Rosettenville na sufuria magotini, nimebadilisha teksi mara mbili, mchuzi umenichoma paja. Kula kwanza, halafu utoroke."

Mdogo wangu anasema aliona aibu ya kukataa chakula cha mama mtu mzima hapo hapo barabarani. Akarudi, akaketi kwenye ngazi na begi mgongoni, akala. Mama wa maombi anaapa alikula sahani mbili. Nesi anasema nusu sahani. Wote wawili wanakubali kwamba baada ya kula macho yalimwia mazito, akasema ajinyooshe kidogo tu kabla ya safari, na akalala hadi saa kumi. Alipoamka hakutaja safari. Nimemwuliza yeye mwenyewe ni sahani ngapi. Anasema hakumbuki sahani, anakumbuka lile paja lililochomwa na mchuzi.

Jumamosi damu ilipimwa. Nesi alinipigia nikiwa nashona zipu. "Imepanda," alisema. "Imepanda mpaka daktari ameniuliza mlimpa nini." Nilipiga kelele, Mreno akaja mbio na kijiko cha mafuta mkononi akidhani nimejidunga sindano.

Jumapili kanisa lilikuwa linaimba na mimi niko Randburg. Waliniruhusu kukaa kwenye kiti karibu na mlango wa chumba, kwa sharti nisiombe kwa sauti. Mdogo wangu alimeza vidonge vyake saa mbili asubuhi. Nyaya zilikuwa kifuani, mashine inalia taratibu, nesi kando yake hakai wala haondoki. Baada ya muda alisema anasikia mlio kama wa nyuki. Akafumba macho. Akatapika mara moja. Kisha akawa kimya kwa masaa, ila mara kwa mara alinyanyua mkono wa kulia polepole na kuushusha, na midomo yake ilisema, "Karibu. Andika jina. Pita."

Niliogopa. Nilimwuliza nesi anasema na nani.

"Acha afanye kazi," nesi akanijibu. "Moyo uko sawa. Mimi naangalia moyo, wewe angalia dirisha."

Nikaangalia dirisha. Mbwa mzee alikuwa amelala juani. Sikujua kama naomba au nahesabu mlio wa mashine. Nadhani nilifanya vyote viwili kwa zamu. Jioni waliniambia niende nyumbani, nikaenda.

Jumatatu nilimkuta ameketi kitandani, mchovu kama mtu aliyeshuka kutoka Bukavu kwa miguu. Uso ulikuwa wake. Sijui namna nyingine ya kusema. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeuzoea ule mwingine.

"Nilikuwa kazini, yaya," alisema. "Kwenye geti. Kwenye kitabu cha wageni. Watu wakawa wanakuja, wote niliowaibia, wote niliowadanganya. Yule bibi harusi alikuja. Mama alikuja, marehemu. Wewe ulikuja na rula yako."

"Nikakupiga?"

"Hapana. Uliandika jina, ukapita. Wote waliandika majina, nikawanyanyulia kizuizi, wakapita. Hakuna aliyenipiga. Nilikuwa nangoja nipigwe, watu wanapita tu."

"Na ile kiu?"

Alifikiri. "Ninaitafuta mwilini, kama ulimi unavyotafuta jino lililong'olewa. Haipo."

Nilitaka kuruka. Sikuruka, niliogopa kuitisha ile furaha ikatoka. Mama wa maombi, nilipompigia, aliruka kwa niaba yangu. Nilisikia viti vikianguka.

Sitaki anayesoma adhani mzizi ulimaliza kazi. Daktari mwenyewe alituambia kwamba unampa mtu wiki chache za kupumua, na baada ya hapo kazi ni yake. Wiki tatu mdogo wangu hakulala vizuri na alilia ovyo, hata kwa matangazo ya sabuni. Kila Jumanne alirudi Randburg kukaa na wenzake na kuongea. Dada mmoja aliyetibiwa mwezi ule ule alirudia kabla ya Krismasi. Mkulima alikwenda kwake, sijui habari zake. Nikisema mzizi unaponya, nitakuwa nimemdharau yule dada. Nikisema hauponyi, mdogo wangu huyu hapa.

Mwezi wa tisa mchungaji akamwita atoe ushuhuda. Usiku wa kuamkia siku hiyo aliniuliza, "Niseme Mungu au niseme mzizi?" Nikamwambia aseme alichokiona. Kanisani kwetu ushuhuda una njia yake: nilikuwa gizani, Bwana akanitoa, amina. Yeye akasimama na kuanza na uji. Akasema habari ya kufunga kavu, ya damu iliyokosa chumvi, ya nesi na ndizi mdomoni. Watu wakaanza kuinamisha vichwa wakificha meno. Mama wa maombi akainuka katikati ya benchi.

"Kosa lilikuwa langu!"

"Hapana, langu!" nikasema, nami nimesimama. "Mimi ndiye niliyeambiwa nikaandika!"

"Wewe uliandika, mimi nikafuta!"

"Kaeni chini, wote wawili," mchungaji akasema, na nikaona anajitahidi. Akashindwa. Akacheka mbele ya kanisa lote, akatoa leso akafuta macho. Kisha akasema maneno ambayo niliyaandika siku hiyo hiyo ili nisiyabadilishe: "Mimi nilinyamaza. Walioongea walikosea, wakarekebisha. Sijui ni nani kati yetu alifanya vizuri."

Sasa lile nililoogopa kuliandika. Aprili iliyofuata, Ijumaa moja, mdogo wangu hakurudi. Alikuwa amepata kazi kwa mtu anayetengeneza matairi, saa kumi na moja huwa ameshafika nyumbani. Simu haikupokelewa. Nilikaa kitini. Sikwenda bustanini, na sijui hata leo kama ilikuwa kumtii au uoga.

Jumamosi asubuhi simu ikalia.

"Yaya, niko kwa nesi. Jana nimekosea. Nilivuta. Nimekuja hapa mwenyewe tangu saa kumi na mbili, wamenipima, tumeongea. Usije kunichukua. Nitapanda teksi mwenyewe."

Alifika saa saba. Chumba kilikuwa kimejaa. Wanawake wa kwaya walikuwa wanajaribu sare mpya, nusu yao wana pini mabegani. Hakuna aliyejua kitu. Nilikuwa nimeshatunga cha kuwaambia, kwamba alikuwa na kazi ya usiku. Mdogo wangu alisimama mlangoni, akawaamkia, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Mama zangu, jana nilivuta. Siku moja. Nimeshasema kule, nasema na hapa."

Cherehani tu ilikuwa inazunguka, mguu wangu ulisahau kusimama.

"Siku moja?" mama wa maombi akauliza. Alikuwa amevaa sare upande mmoja tu, mkono mwingine bado haujashonwa. "Mimi mwezi uliopita nilivunja kufunga kwa chapati nne, na sikumwambia mtu mpaka leo."

"Nne!" akasema dada mmoja.

"Zilikuwa ndogo."

Wakaanza kumsimanga juu ya ukubwa wa chapati, na katikati ya kelele hizo mdogo wangu akavua jaketi, akaniuliza pasi iko wapi. Nikamwonyesha. Kola kumi na mbili zilikuwa zinangoja. Ya kwanza aliiunguza kidogo, nikamgombeza, akanijibu, nikamjibu, na mama wa maombi akatuambia tupunguze sauti, watu wanahesabu chapati hapa.